Kauboi wakikutana na mazimwi: uzi wa picha za bajeti ndogo zinazochanganya bastola na vitisho

Msukuma Toroli (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu tuna nyuzi za Kikorea, za Kihindi, za ngumi, hata za mapishi. Za kauboi zipo mbili tatu, zimelala. Sasa nafungua huu wa kichochoroni kabisa: picha za kauboi zilizotiwa vitisho, na hasa zile zilizotengenezwa kwa hela ya mboga.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipige mawe vizuri. Hizi picha zikiwa mbovu, huwa mbovu za kutia huruma. Ila zile nzuri zinaisema nchi ile ya magharibi mwa Marekani kwa ukweli ambao kauboi za kawaida ziliukwepa miaka nenda rudi. Kwenye kauboi ya kawaida steringi anavuka jangwa wiki nzima, anafika hajakonda na shati lina pasi. Ardhi anayopita utadhani haijawahi kuwa na mwenyewe. Ukiingiza zimwi tu, maswali yote yanarudi: tutakula nini, nani yuko nje usiku huu, na waliokuwa wanaishi hapa kabla yetu walikwenda wapi.

Naanza na ninayoipenda kuliko zote, The Burrowers ya mwaka 2008, mwongozaji J.T. Petty. Tuko 1879, eneo la Dakota. Familia za walowezi zinakutwa zimeuawa, wengine hawaonekani. Kijana mmoja wa Kiayalandi, Coffey, mchumba wake yumo kwenye waliopotea. Lawama moja kwa moja wanatupiwa Wahindi Wekundu, wanaume wanapanda farasi, jeshi linajiunga nao, safari inaanza. Mpaka hapo unaweza kudhani umeshaiona mara mia. Kumbe waliowachukua watu ni viumbe wanaoishi ardhini. Wanakuchoma sumu ya kukupooza, wanakufukia ukiwa hai, unasikia kila kitu, na wao wanasubiri ulainike ndipo warudi kula.

Na sababu ya kula watu ndiyo iliyonimaliza. Chakula chao kilikuwa nyati. Wazungu wakawafyeka nyati, wale viumbe wakageukia kilichobaki. Hapo mtunzi hakutoa kichwani tu. Nyati wa nyanda zile walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni, lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa hawafiki 1,000. Mifupa ilizolewa huko nyikani ikapakiwa kwenye treni, ikaenda kusagwa mbolea. Sasa mtu akikwambia kuna kitu kilikuwa kinategemea nyama ile na hivi leo kina njaa, hapo huhitaji michoro ya kompyuta ya gharama ili uogope.

Wanaojua namna ya kupambana na wale viumbe wamo kwenye picha, ni watu wa kabila la Ute. Angalieni jeshi linawafanya nini. Sisemi zaidi.

Karibuni.

Kobe Mwendo

Siti ya mbele. Nina soda na karanga.

Mzee Kibao

Vijana, mmeanzia 2008 kana kwamba dunia iliumbwa siku hiyo. Niwarudishe nyuma.

Mwaka 1959 kampuni ya Universal ilitoa Curse of the Undead. Mwuaji wa kukodi, jina lake Drake Robey, amevaa nyeusi tupu, anaingia kwenye mgogoro wa ardhi na maji kati ya wafugaji. Kwenye kupambana kwa bastola yeye si mwepesi hata kidogo. Anachelewa kuchomoa, anapigwa risasi, anabaki amesimama, halafu ndipo na yeye anapiga. Mnyonya damu! Fikirieni ujanja huo ulivyo rahisi. Haukuhitaji senti moja ya mitambo. Kauboi zote zimejengwa juu ya nani ana mkono mwepesi, na huyu bwana kaja kaifuta sheria yenyewe. Anayepambana naye ni mchungaji wa kanisa, si sherifu, na anammaliza kwa risasi aliyoifunga kimsalaba kwenye ncha.

Baada ya hapo ndipo yakaja ya aibu. 1966 zilitoka mbili kwa pamoja, za kuonyeshwa usiku mmoja kwa tiketi moja: Billy the Kid Versus Dracula na Jesse James Meets Frankenstein's Daughter. Mwongozaji wa zote ni William Beaudine, mtu wa tangu zama za sinema bubu, waliyempachika jina la "One Shot" kwa sababu alikuwa harudii kupiga tukio. Picha zilichukua siku nane. Popo ni wa mpira, na anaruka kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Dracula anatembea mchana kweupe, jua linampiga, hana habari. John Carradine aliyemwigiza alikuwa muigizaji mzito, amecheza kwenye picha kubwa za mwongozaji John Ford, na hii aliijutia mpaka uzeeni.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Billy anamimina risasi zote, hazimdhuru Dracula. Kwa hasira anamrushia bastola yenyewe. Inampiga kichwani, Dracula anaanguka chali!

Kobe Mwendo

😂😂 Mzee umeniua. Kumbe dawa ni kumtupia chuma.

Mtu wa Umoja

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi nitakuwa yule mtu mbaya wa uzi. Mnatetea takataka.

Sisi tumekua na hizi movie zikitafsiriwa na DJ Afro, na nawaambia ukweli, yeye ndiye aliyekuwa anaziokoa. Movie mbovu, yeye anaongeza ucheshi, steringi anapewa jina la mtaani, jambazi anatukanwa, mnafurahi. Mtoe DJ Afro uone kinachobaki. Juzi nimejaribu hiyo Bone Tomahawk mnayosifia kila mahali. Saa moja na nusu wazee wanne wanatembea na kuongea! Ningetaka kusikiliza wazee wakiongea ningeenda ushago. Halafu dakika za mwisho wananionyesha mambo ya buchari. Vitisho ni nini hapo?

Msukuma Toroli

Mtu wa Umoja, karibu, uzi bila mpinzani haunogi.

Hao "wazee wanaoongea" ndio picha yenyewe. Kwa ambao hawajaiona: mji mdogo unaitwa Bright Hope, wala watu wanaoishi mapangoni wamemteka mwanamke anayetibu wagonjwa pamoja na naibu wa sherifu. Wanaokwenda kuwatafuta ni wanne: sherifu, msaidizi wake mzee Chicory, bwana mmoja mtanashati mwenye kujiona, na mume wa mwanamke, ambaye mguu wake umevunjika na anang'ang'ania kwenda. Njia nzima ni huo mguu. Unauma, unavimba, unawachelewesha. Nani kwenye kauboi alishawahi kuuguza mguu kwa saa nzima?

Na Chicory (Richard Jenkins, aliteuliwa kuwania tuzo ya Independent Spirit kwa kazi hii) anaongea upuuzi kwa sababu anaogopa. Kuna mahali wamefungiwa kwenye kizimba, wanajua kabisa watakavyoliwa na lini, na yeye anaanzisha mazungumzo kuhusu sarakasi ya viroboto aliyowahi kuiona, kama wale viroboto walikuwa wa kweli au ni kiinimacho. Nilicheka na tumbo limenikaza. Ungenyimwa ile saa na nusu ya kuwajua, lile tukio la buchari lingekuwa nyama tu.

Halafu tuzungumze la steringi. Sote tumelelewa kwenye kibanda umiza kwa imani moja: steringi hafi. Akidondoka kwenye genge, mwonyesha mkanda mwenyewe anawatuliza, "subirini, huyu ni steringi." Hapa sherifu ni Kurt Russell, ndevu zimejaa, sauti ya chini, unasema huyu ana mkataba na Mungu. Mtu wa Umoja, nikuulize: ulipofika kule pangoni bado ulikuwa na uhakika huo?

Mtu wa Umoja

Nilikosa uhakika, nakubali hiyo moja. Lakini bado ni ndefu.

Fundi Taa

Naingia kwa upande wa kazi. Mimi ni mtu wa kamera na taa hapa Arusha, harusi ndizo zinanilisha, ila hesabu za picha nazijua.

Kauboi ni ghali. Farasi anakula siku ya kazi na siku ya mvua, anataka mtu wake wa kumwangalia, anataka bima. Mavazi ya karne ya 19, bunduki za zamani, na mji mzima ambao nyuma yake isionekane nguzo ya umeme wala moshi wa ndege angani. Vitisho ndiyo aina ya bei rahisi kuliko zote: giza halilipiwi, na mpenzi wa vitisho haulizi kacheza nani, anauliza inatisha au haitishi. Kwa hiyo mwenye hela kidogo aliyekataliwa kauboi yake anarudi na kauboi ileile kaitia zimwi, anafunguliwa mlango. Kathryn Bigelow alipita hapohapo. Yeye na mwandishi mwenzake Eric Red walitaka kutengeneza kauboi, katikati ya miaka ya 80 hakuna aliyetaka kuilipia, wakaichanganya na wanyonya damu. Ikawa Near Dark ya 1987, kwa dola milioni 5 hivi. Kwenye majumba ya sinema haikurudisha hata hizo. Mwaka 2010 mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kushinda Oscar ya uongozaji, kwa picha nyingine kabisa.

Sasa Bone Tomahawk, 2015. Bajeti dola milioni 1.8, kupiga siku 21. Kwa Marekani hiyo ni hela ya chai. Mji hawakujenga, walikwenda Paramount Ranch, Agoura Hills kule California, mtaa wa kauboi uliokuwepo tayari na unaosimamiwa na idara yao ya hifadhi za taifa. (Uliteketea kwenye moto wa Novemba 2018, likabaki kanisa na stesheni ya treni.) Mnakumbuka farasi wao wanaibwa katikati ya safari? Kwenye hadithi ni pigo kubwa, yule mwenye mguu mbovu sasa atembee. Mimi nikiangalia kwa jicho la kazi naona kuanzia pale hakuna tena farasi wa kulisha. S. Craig Zahler aliandika mwenyewe na kuongoza mwenyewe, kwa hiyo mtunzi na mhasibu walikuwa kichwa kimoja.

Na sauti. Wale wala watu hawaongei. Wamepandikizwa mfupa kooni unaotoa mlio, nusu ndege, nusu tarumbeta. Muziki ni kidogo sana picha nzima, kwa hiyo mlio ule ukija mbali gizani huna pa kuegemea. Kimya kina gharama gani? Vijana wetu hapa wakipata tukio la kutisha wanabandika kinanda mwanzo mwisho mpaka tunashindwa kusikia mlango ukifunguliwa.

Kobe Mwendo

Hapo kwenye kinanda umewagonga watu wengi mkuu.

Sharifa wa Nyikani

Nawasoma tangu jana. Niko Kanada, jimbo la Saskatchewan, nyanda zilezile mnazozizungumzia, upande wa kaskazini mwa mpaka. Nina mawili.

La kwanza: Bone Tomahawk imepigwa vizuri, sikatai, lakini msiimeze na mifupa. Kuna mwenyeji wa asili mmoja anayeitwa Profesa (Zahn McClarnon, mwenyewe ni Mlakota) anapewa dakika chache mwanzoni aseme wale si watu wetu, sisi hatuwatambui, halafu anaachwa mjini. Hiyo ni kinga ya mtunzi. Baada ya hapo picha inaendelea na kisa kilekile cha zamani, mwanamke wa Kizungu katekwa na watu wa porini waliopakwa majivu, wasio na lugha. Kuwaita mapangoni hakubadilishi ulikotoka uoga huo. The Burrowers imelijibu hili vizuri zaidi miaka saba kabla, ndiyo maana nakubaliana na mwanzisha uzi kuiweka juu.

Kama mnataka kuona wenyeji wakiishika kamera wenyewe, tafuteni Blood Quantum ya 2019, ya Jeff Barnaby, mwenyeji wa kabila la Mi'kmaq, amefariki 2022. Si kauboi kwa maana ya kofia na farasi, ni mazombi, mwaka 1981, kwenye eneo lililotengewa wenyeji. Inaanza na mzee anatumbua samaki, na samaki waliokwisha kutumbuliwa wanaanza kurukaruka. Ugonjwa unaenea, ila wenyeji wakiumwa na mazombi hawageuki. Wazungu sasa ndio wanaokuja mlangoni kuomba hifadhi. Nani aruhusiwe kuingia? Kauboi nzima imepinduliwa kwa swali hilo, na mji wa mbao haupo kabisa.

La pili: mmetaja wanaume watupu. The Wind ya 2018, mwongozaji Emma Tammi, mwandishi Teresa Sutherland. Nyumba mbili tu katika uwanda wa New Mexico, mke anayeitwa Lizzy anabaki peke yake mume akisafiri, na upepo. Kuna kitu nje, au hakuna. Hadithi inakwenda mbele na nyuma bila kukuonya, ukizubaa umepotea. Waigizaji hawajai kwenye Noah. Mimi naishi na upepo huu, Novemba unagonga dirisha usiku kucha, na nawaambia picha ile haikutia chumvi. Mlowezi wa kike wa zama hizo aliletwa mahali ambapo jirani ni mwendo wa siku, anajifungua peke yake, anazika peke yake. Kauboi za kawaida zilimwonyesha barazani tu akipunga mkono.

Msukuma Toroli

Dada Sharifa, hoja ya Profesa nimeipokea, na sina cha kuipinga.

Niongeze ya haraka kwa hoja hiyohiyo ya historia: Dead Birds, 2004, mwongozaji Alex Turner. Wanajeshi watoro wa upande wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1863, wameiba dhahabu benki, wanajificha kwenye nyumba ya shamba kubwa lililotelekezwa huko Alabama. Kilichomo ndani kimetokana na alichowafanyia watumwa mwenye shamba yule. Nusu ya mwisho inalegea, lakini lile shamba la mahindi mwanzoni ni hatari.

Mzee Kibao

Waitaliano mmewasahau. Sisi tuliokuwa tunakwenda Drive-In ya Msasani (pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, cheka ukitaka) kauboi zetu nyingi zilikuwa za Kiitaliano, na wale jamaa walikuwa wanachanganya na makaburi bila kutangaza. Django il bastardo, 1969, steringi Anthony Steffen. Anafika mjini na msalaba begani, anauchomeka mbele ya mtu, umeandikwa jina la mtu huyo na tarehe ya leo. Ni mzimu au ni mtu? Picha inakataa kusema. Mwaka uliofuata mwongozaji Antonio Margheriti akampa muigizaji Klaus Kinski bunduki, akaifanya karibu picha nzima iwe usiku mmoja wa kimbunga, kengele ya kanisa inalia na maadui wanapukutika mmoja mmoja.

Upepo wa feni, kengele, na sura ya Kinski. Fundi Taa, piga hesabu hiyo.

Fundi Taa

Mzee, sura ya Kinski peke yake ni nusu ya bajeti ya taa, unaimulika kwa upande mmoja umemaliza kazi.

Kobe Mwendo

Ila Near Dark mnaisema kauboi kwa lipi? Wana magari, wana karavani wamebandika karatasi za fedha madirishani kuzuia jua. Mimi naona ni wanyonya damu tu wa mashambani.

Mzee Kibao

Kijana wa ranchi, genge la wahalifu linalohamahama, familia inayokwenda kumrudisha wao. Na mwishoni anaingia mjini akiwa juu ya farasi, barabara imenyooka, usiku. Unataka nini tena?

Kobe Mwendo

Nataka mwisho wenye akili. Kuongezewa damu tu na mtu anapona unyonya damu? Kama malaria?

Sharifa wa Nyikani

Hapo niko upande wa Kobe. Picha nzuri hivyo, mwisho wa zahanati.

Mtu wa Umoja

Hiyo ya mapigano ya motelini ndiyo nilipenda, polisi wanapiga ukuta risasi na kila tundu linaingiza jua linalowaunguza. Sawa, hiyo ni akili. Hawakuogopa risasi, waliogopa matundu. Nimeandika The Burrowers, nitaangalia wikendi.

Fundi Taa

Kuna moja ya bara letu, nipite nayo haraka kwa sababu haistahili muda. Gallowwalkers, Wesley Snipes, imepigwa Namibia. Wakati wanaipiga 2006 Snipes akafunguliwa mashtaka ya kodi kwao Marekani, picha ikakaa miaka, ikaonyeshwa 2012. Jangwa la Namibia pale linatisha kuliko mazimwi yote waliyoyapaka rangi. Ziangalieni zile tepe za mchanga bila sauti, mengine achaneni nayo.

Kobe Mwendo

Mimi mgeni wa mambo haya, nianze na ipi? Msinipe orodha ndefu.

Msukuma Toroli

The Wind ukiwa peke yako usiku. Bone Tomahawk ukiwa na watu, ila usile wakati inaendelea, hilo sikutanii. Ya Billy na Dracula ukiwa na Mzee Kibao.

Mtu wa Umoja

Nimerudi. Nimemaliza The Burrowers.

Malalamiko kwanza. Wale wanyama wakitoka nje kabisa kwenye mwanga uoga unakwisha, unaona raba. Wangebaki chini ya udongo. Yule afisa wa jeshi naye kazidishiwa ushetani, mtu mzima hawezi kuwa mjinga kiasi hicho kila dakika.

Lakini ile ya mtu anafukiwa macho yako wazi na farasi wa wenzake wanapita juu yake, wanamtafuta yeye, wanaita jina lake... nimesimamisha nikawasha taa ya jikoni. Na mwisho, wakuu, ule mwisho wa wale Waute. Msukuma Toroli ungesema. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ushindi, nimeshikilia rimoti, majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Sasa hiyo The Wind naipata wapi, na kuna aliyeiwekea maandishi ya Kiswahili? Mke wangu anataka kuiona, nimemwambia haina damu nyingi. Dada Sharifa, nimedanganya?

Sharifa wa Nyikani

Umedanganya kidogo. Usimwambie kuhusu mbuzi.